Bajaji ya umeme kwenye Barabara ya Nyerere, Mwanza: tathmini ya mnunuzi baada ya miezi minne

Nilipostaafu uuguzi mwaka jana, baada ya miaka 31 ya kazi, nilitenga sehemu ya kiinua mgongo changu kwa ajili ya chombo cha biashara, kama wafanyavyo wastaafu wengi wa Mwanza: asiyekuwa na nyumba ya kupangisha hununua bajaji, akamkabidhi kijana anayemwamini, kisha akangoja hesabu, yaani fedha ya siku ya mwenye chombo, kila jioni. Nilichofanya tofauti ni kununua bajaji ya umeme, wakati kijiweni kwetu Buzuruga zilikuwapo mbili tu, zote zikisemwa vibaya na watu ambao hawajawahi kuziendesha. Wenzangu wa kikoba huniuliza kila tunapokutana kama chombo hiki kinalipa, na jibu langu limekuwa likiwachosha kwa urefu wake, kwa sababu bajaji hii inalipa kweli, ila sehemu kubwa ya malipo yake huwaendea watu ambao hawakuchangia hata senti moja kuinunua.

Nieleze kwanza chombo chenyewe. Ni bajaji ya dereva na abiria watatu, imetengenezwa India na inauzwa hapa mjini na duka ambalo sitalitaja jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema hayatawapendeza. Mota iko nyuma karibu na ekseli, na betri, ambayo ni ya lithiamu, imefungwa chini ya kiti cha abiria ikiwa na uwezo wa kuhifadhi uniti zipatazo nane za umeme. Haina oili ya kubadilisha, haina plagi, haina klachi wala bomba la moshi. Fundi wetu wa mtaani alipoikagua mara ya kwanza aliinama, akapatazama kwa muda mrefu mahali ambapo sailensa ingepaswa kuwa, kisha akaniuliza, "Sasa mama, hapa mimi nitakula wapi?" Swali lake lilikuwa la haki, maana katika miezi hii minne amepata kwangu kazi ya kurekebisha breki mara moja na kuziba pancha mbili.

Niliinunua kwa shilingi milioni 11 na laki 2, wakati bajaji ya petroli yenye ukubwa uleule niliambiwa bei yake ni milioni 9. Naomba msomaji aishike tofauti hiyo ya milioni 2 na laki 2, kwa sababu nitairudia. Tunaichaji usiku nyumbani Nyakato, kwenye soketi ya kawaida ambayo fundi umeme aliivutia waya wake peke yake. Betri iliyokwisha kabisa hula uniti tisa hivi, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto wakati wa kuchaji, na kwa mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, kama mimi, anayelipa shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi zake, gharama hiyo ni kama shilingi 3,200. Kwa umbali uleule, bajaji ya petroli ya jirani yangu hunywa lita tatu, na bei ya lita hapa Mwanza imekuwa ikipanda na kushuka jirani na shilingi 3,000 kila EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mwezi. Kwa hiyo kwa siku ya kazi naokoa kama shilingi 5,800, na kwa siku 26 za mwezi naokoa kama laki 1 na nusu. Kwa hesabu hiyo ile tofauti ya bei itakuwa imerudi baada ya miezi 15, ilimradi kisiharibike kitu, na hapo ndipo penye mashaka.

Karatasi ya dukani ilisema betri ikijaa inakwenda kilomita 110. Sijawahi kuziona hizo kilomita 110. Akiwa na abiria watatu na akiendesha kwa adabu, dereva wangu hufika kilomita 75. Akiwa na haraka ya kuwahi abiria wa stendi, kilomita 68. Kwenye Barabara ya Nyerere, kuanzia Igoma kupita Buzuruga na Mabatini hadi mjini, chombo kinatembea vizuri sana, kinatoka taratibu bila kishindo, na abiria wengi husema kwanza hawakujua kama kimewashwa. Mwanza hata hivyo ni mji wa milima na mawe, na milima haikubali porojo. Kupanda kwenda Hospitali ya Bugando tukiwa tumejaa, mwendo hushuka ukawa kama wa mtu anayetembea kwa haraka, na siku moja ya jua kali mota ilijizima katikati ya mlima kwa sababu ya joto. Tulisubiri dakika kumi na mbili kando ya barabara, abiria wakiwa wameshuka na kijana wangu akiwaomba radhi kwa niaba ya mashine. Tangu siku hiyo amri yangu ni moja: Bugando abiria wawili, na Isamilo asipande kabisa akiwa na mzigo.

Wiki ya sita umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa kishindo, chaja ikaungua. Duka halikuwa na chaja ya akiba, na ile iliyoagizwa Dar es Salaam ilichukua siku 11 za kazi kufika. Hesabu yetu ni shilingi 15,000 kwa siku, kwa hiyo nilipoteza shilingi 165,000, kiasi kinachozidi akiba yangu ya mafuta ya mwezi mzima, na kijana mwenye mke na watoto wawili alikaa bure kwa siku zote hizo. Dhamana ya miaka mitatu niliyoisifia mtaani ilikuwa ya betri peke yake, jambo lililoandikwa wazi kwenye risiti na ambalo nililisoma baada ya kulihitaji. Duka lilinijibu kwa heshima kila nilipopiga simu, lakini heshima haichaji betri. Anayenunua chombo hiki na aulize habari za chaja kabla hajauliza habari za rangi, na anunue pia kifaa cha kulinda umeme unaporudi kwa nguvu, ambacho bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na siku moja tu bila hesabu.

Sasa nije kwenye sababu iliyonifanya niache ile ya petroli. Naishi na mjukuu wangu wa miaka minane ambaye ana pumu, na kila asubuhi, kabla kijana hajaanza kazi ya kijiweni, bajaji hii hutupeleka shuleni mjini. Nilidhani nimemnunulia mtoto hewa safi. Siku ya tatu tu, tukiwa kwenye foleni ya Mabatini nyuma ya Hiace iliyokuwa ikitema moshi mweusi kila dereva alipokanyaga mafuta, mtoto alianza kile kikohozi cha kubana ambacho nimekisikia wodini kwa miaka mingi, nikatoa dawa ya kuvuta mkobani hapo hapo. Bajaji haina milango wala vioo vya pembeni. Iwe ya petroli au ya umeme, abiria wake huketi chini, kimo cha moshi wa magari yaliyomtangulia, na mtoto huketi chini zaidi. Usafi wa chombo changu unamnufaisha aliye nyuma yangu. Mimi niliyeulipia navuta moshi wa aliye mbele.

Saa hizo za asubuhi ndizo mbaya kuliko zote hapa kwetu. Upepo wa kutoka ziwani, ambao mchana huusafisha mji, huwa bado haujaanza. Hewa baridi ya usiku imeshuka kutoka milimani na kutulia mabondeni ambamo barabara zetu kuu zimepita, na moshi hukosa pa kwenda. Ukisimama juu ya mawe upande wa Mabatini alfajiri utauona umelala juu ya mabati kama ukungu, isipokuwa ukungu hauna rangi ile.

Kilichomo ndani ya moshi huo nakifahamu zaidi ya ninavyofahamu mota. Hatari kubwa imo kwenye chembe zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au chini yake, ambazo inahitaji kama 30 kuzipanga ili zienee unene wa unywele mmoja. Pua na koo huzuia vumbi kubwa, lakini chembe hizi hupita zote hizo, hufika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia kwenye damu, ndiyo maana madhara yake hayaishii kifuani bali hufika kwenye moyo na kwenye mishipa ya ubongo. Kuna naitrojeni dayoksaidi, ambayo huichokoza mirija ya hewa ikavimba na kubana, na kwa mtoto mwenye pumu hiyo ndiyo tofauti kati ya kwenda shule na kwenda hospitali. Kuna kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoshikamana na hemoglobini, kibeba oksijeni ndani ya damu, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Moshi wa dizeli wenyewe uliwekwa mwaka 2012 na Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani katika kundi la kwanza la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, kundi lilelile la tumbaku. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2021 lilipunguza kwa nusu kiwango lililokipendekeza cha chembe hizo hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, linakadiria kwamba hewa chafu ya nje ilisababisha vifo milioni 4.2 vya kabla ya wakati katika mwaka 2019 peke yake. Magari ni sehemu tu ya chanzo hicho, pamoja na viwanda, moto na vumbi, lakini ndiyo sehemu inayopita mlangoni kwetu.

Katika miaka yangu yote ya kazi niliandika kwenye mafaili nimonia, pumu, kiharusi na shinikizo la damu, na sikumbuki fomu hata moja iliyokuwa na nafasi ya kuandika moshi wa magari. Huko London alikuwapo binti wa miaka tisa, Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyeishi karibu na barabara kubwa yenye magari mengi na kufariki kwa pumu Februari 2013. Ilimchukua mama yake miaka saba ya kudai, hadi Desemba 2020 ndipo mchunguzi wa vifo akatamka rasmi kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Ikiwa huko imechukua miaka saba kuandika neno moja kwenye cheti, sishangai kwamba sisi hatujaanza.

Haki inataka niseme pia kwamba si moshi wote wa mji huu ni wa lazima. Dizeli tunayouziwa si ile ya zamani: tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, na petroli yenye madini ya risasi ilikwisha kuondoka kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Mafuta yamesafishwa, lakini kifaa ambacho kingeyasaidia kimeng'olewa. Gari la petroli lililoingia nchini likiwa na masega ndani ya bomba lake la moshi, yale yenye platinamu, paladiamu na rodiamu ambayo hugeuza sumu kuwa gesi zisizodhuru sana, baada ya muda hukutwa na bomba tupu, kwa sababu masega yana wanunuzi na fundi amemwambia mwenye gari kwamba yakitolewa gari litapata nguvu. Bei ya masega anapokea mtu mmoja, na moshi wake tunaupokea sote tulio nyuma kwenye foleni.

Wala chombo changu si malaika. Tairi zake zinalika na kutoa vumbi kama za mwingine, ingawa breki zinalika kidogo kwa sababu mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Umeme wenyewe nao una asili yake: sehemu kubwa hutokana na maji, hasa baada ya Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 kuanza kuzalisha mwaka 2024, na sehemu nyingine ni ya gesi asilia inayochomwa mbali na Mabatini. Kwa mapafu, umbali huo una maana kubwa.

Nairudia ile milioni 2 na laki 2. Nilipoilipa nilijua nimelipia mafuta nisiyonunua. Sikujua kwamba nimelipia pia hewa ya mama lishe wa Buzuruga, ya machinga anayesimama barabarani tangu saa 12 asubuhi, na ya trafiki anayeongoza magari pale. Hao hawawezi kunichangia, na wala sitawadai. Mwenye uwezo wa kuchanga kwa niaba yao wote ni serikali, na duniani serikali zimechanga sana kwenye biashara hii ya magari, ila mara nyingi mchango umekwenda kwanza kwa mtengenezaji, na mapafu yamepata masalia.

Mifano iko wazi. Ujerumani kwa miaka mingi imetoza dizeli senti 47 za yuro kwa lita wakati petroli inatozwa senti 65, jambo lililowajaza watu kwenye magari ya dizeli ambayo viwanda vyao ndivyo vilivyoyamudu kuliko vya wengine. Septemba 2015 ikabainika kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka kwenye magari yapatayo milioni 11 duniani programu inayotambua kipimo cha moshi na kuficha moshi halisi. Marekani, wakati wa mtikisiko wa uchumi wa 2008 na 2009, ilitoa takribani dola bilioni 80 kuiokoa sekta ya magari, General Motors na Chrysler zikiwa mbele ya foleni. Katika mwaka huohuo wa 2009 Ujerumani ilimpa yuro 2,500 kila aliyepeleka gari kuukuu kuvunjwa na kununua jipya, bajeti yote ikiwa yuro bilioni 5, na Marekani ilitenga dola bilioni 3 kwa mpango wa namna hiyo, injini za magari yaliyosalimishwa zikimiminiwa kemikali hadi zikagwama zisifufuke tena. Shabaha ya kwanza ilikuwa ajira za viwandani, nami sibezi ajira. Lakini angalau zile injini zilikufa.

Za kwetu hazikufa. Oktoba 2003 jiji la Tokyo na mikoa jirani yake ilipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango cha masizi kilichowekwa, na Japani kwa ujumla huongeza kodi ya gari la petroli linapovuka miaka 13 na la dizeli linapovuka 11, huku ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili ukizidi kuwa ghali kadiri gari linavyozeeka. Ni sera nzuri kwa mapafu ya Tokyo na kwa viwanda vya Toyota na wenzake, kwa maana mwenye gari husukumwa taratibu kuelekea gari jipya. Gari la zamani hupanda meli. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na bara lililopokea mengi kuliko yote ni Afrika. Kenya imezuia yanayozidi miaka minane, Uganda yanayozidi 15, nasi tumechagua kuyatoza ushuru zaidi kadiri yanavyozeeka, ushuru ambao mwenye Hiace hulipa mara moja bandarini kisha akaanza kuurudisha kwa kulibebesha gari kuliko uwezo wake.

Jambo lililoniuma zaidi nililigundua nilipokuwa nikitafuta kwa nini bajaji yangu ni ghali. Nchi ilikotengenezwa, mnunuzi wa bajaji ya aina hii hakulipa bei yote. Mpango wa India uitwao FAME, ambao awamu yake ya pili ilianza Aprili 2019 kwa bajeti ya rupia bilioni 100, ulilenga kusaidia vyombo laki 5 vya magurudumu matatu vya umeme, kwa kiasi cha rupia 10,000 kwa kila uniti moja ya uwezo wa betri, kiwanda kikimpunguzia mteja bei kisha kikidai fedha serikalini. Betri kama yangu ingepunguziwa rupia 80,000 au karibu na hapo. Chombo kilichovuka bahari hakivuki na ruzuku yake, na sioni kosa la Mhindi katika hilo. Serikali yake inalinda hewa ya Delhi na kiwanda cha Pune, hailindi hewa ya Mabatini.

Na ya kwetu? Juni 2022, bei ya mafuta ilipopanda duniani, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili nauli na bei za bidhaa zisituelemee, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioshukuru. Sasa nikiwa na chombo kisichokunywa mafuta najikuta nikijiuliza swali ambalo zamani lisingenijia: kama mkono wa serikali unaweza kunyooka kupunguza bei ya kitu kinachotoa moshi, unashindwaje kunyooka, hata nusu ya urefu huo, kwa kitu kisichotoa? Rwanda iliondoa VAT kwenye vyombo vya umeme mwaka 2021. Ng'ambo ya ziwa hili hili, Jinja, pale Nile inapoanza safari, Uganda imejenga kiwanda cha Kiira Motors, kampuni ambayo serikali ndiyo mmiliki mkuu na Chuo Kikuu cha Makerere kina hisa kidogo, nacho kinaunda mabasi ya umeme. Wapo wanaosema ni fedha nyingi kwa mabasi machache, na huenda wana hoja. Hata sisi tunakumbuka lori la Nyumbu la Kibaha, tulivyolisifu na jinsi lilivyokuja kuonekana kwa nadra barabarani. Mimi ningependa kidogo kuliko kiwanda: VAT iondolewe kwenye chaja na betri, na Hiace ipimwe moshi siku ileile inapokaguliwa breki. Hilo la pili halihitaji ruzuku yoyote, linahitaji kipimo na mtu asiyepokea kitu mkononi.

Kwa anayetaka neno la mnunuzi, chombo nakipa alama 4 kati ya 5. Moja nimeipunguza kwa ajili ya mlima wa Bugando na kwa ajili ya zile kilomita 110 za kwenye karatasi. Duka lenyewe nalipatia alama 2. Kinawafaa watu wa njia tambarare, Igoma hadi mjini, Nyegezi hadi Mkuyuni, Kirumba hadi Pasiansi, wenye umeme wa kuaminika nyumbani na dereva mtulivu, na wenye akiba ya kuvumilia wiki mbili bila hesabu. Hakimfai mwenye mkopo wa riba unaodaiwa kila Jumamosi, wala anayeishi juu ya mawe ambako hata kukisukuma kukiingiza uani ni kazi ya watu wanne. Mwenye mtoto wa pumu asinunue kwa tamaa niliyokuwa nayo mimi. Siku hizi tunaondoka dakika 40 mapema kuliko zamani kabla foleni haijajaa, mtoto huketi katikati badala ya pembeni, na kijana ameagizwa aache nafasi ya magari mawili nyuma ya Hiace yoyote, agizo ambalo wenzake barabarani hulichukulia kuwa mwaliko wa kuchomeka.

Betri ya kubadilisha, itakapohitajika, wameniambia itakuwa milioni 3 na nusu kwa bei ya leo, nami nimeanza kuweka shilingi 3,000 kila siku kwenye kibubu kwa ajili hiyo. Chaja ya akiba niliyoagiza kwa fedha yangu mwenyewe ilifika Ijumaa iliyopita kwa basi la kutoka Dar es Salaam, ikiwa imefungwa kwenye boksi la biskuti, na inafanya kazi.